Daktari, Uvimbe Umetoka Lakini Hamu Haijarudi

Barua nyingi zinazoletwa kwenye safu hii kuhusu nguvu za kiume huwa fupi, hazina jina, na huomba kitu kimoja tu: jina la dawa. Tatu za safari hii ni tofauti. Zimetoka Tanga mjini, Pangani na Muheza, zimeandikwa na watu wasiojuana, na zote zinaishia kwenye tezi moja ndogo iliyo chini ya ubongo. Nimeona nizijibu pamoja. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu mwandishi wake yu karibu kufanya jambo ambalo namwomba asilifanye kabla hajanisoma hadi mwisho.

Swali

Assalaam alaykum, Daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Ngamiani, Tanga, na kazi yangu ni ya ukarani. Mwaka jana nilianza kugonga vitu. Nikiendesha baiskeli nilikuwa sioni kinachotokea pembeni, hata siku moja nikauparamia mkokoteni wa madafu ambao kila mtu barabarani aliuona isipokuwa mimi. Nilidhani nahitaji miwani. Nilipopigwa picha ya MRI nikaambiwa nina uvimbe wa tezi ya pituitari wenye sentimita 2.6, wa aina isiyotoa homoni. Nilifanyiwa upasuaji kupitia puani, na sasa ni miezi minane. Macho yamerudi, namshukuru Mwenyezi Mungu.

Lakini tendo la ndoa limekwisha kabisa. Si kushindwa tu, hata hamu yenyewe sina. Naweza kukaa mwezi mzima nisikumbuke. Ndevu nilizokuwa nikinyoa kila Alhamisi usiku, nijiandae kwa swala ya Ijumaa, sasa nanyoa mara moja kwa wiki tatu. Vile vidonge vya buluu nimemeza mara tatu nikaambulia kichwa kuuma. Mke wangu haniambii kitu, ila nimemsikia akimweleza dada yake kwamba huenda nina mtu nje. Tuna binti mmoja na tulikuwa tunataka mtoto wa pili. Kliniki huniuliza habari ya macho na kichwa. Hili hakuna aliyeniuliza, nami niliona haya kulisema. Rafiki yangu anayenyanyua vyuma ana sindano za homoni ya kiume na yuko tayari kunichoma. Je, nikubali? Vidonge vya hidrokotisoni nilivyopewa nimevipunguza mwenyewe, maana siumwi.

Karani, Ngamiani

Jibu

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya maelezo yoyote nakuomba mambo mawili. Sindano ya rafiki yako usiikubali. Hidrokotisoni irudie leo hii kama ulivyoandikiwa, kisha wiki hii hii uende kliniki ukaeleze kwamba uliipunguza. Sababu zake nitazitoa, na utaona kwamba katika hizo hakuna hata moja inayosema tatizo lako halina tiba.

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere na uzito wa kama nusu gramu. Inaning'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, mfano wa embe mtini, ndani ya kishimo cha mfupa kilicho nyuma kabisa ya pua. Juu yake kidogo ndipo mishipa miwili ya macho inapopishana, na ndiyo maana uvimbe unaokua kwenda juu huibana mishipa hiyo pale pale inapokutana, mtu akapoteza kuona pembeni, kulia na kushoto, huku mbele akiona vizuri. Yule mwenye mkokoteni alikuona mzembe, lakini hukuwa mzembe.

Sasa tuje kwenye ndoa yako. Korodani hazijiongozi zenyewe. Ubongo hutuma amri kwa pituitari, na pituitari nayo hutia kwenye damu homoni mbili, LH na FSH. LH huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, ambayo ndiyo inayoleta hamu, ndevu, nguvu ya misuli na uimara wa mifupa. FSH husaidiana nayo katika kutengeneza mbegu. Uvimbe wa sentimita 2.6 uliokaa kwenye kishimo kilichoumbwa kwa ajili ya njegere huzisonga chembe zinazotoa homoni hizo, na chembe za LH na FSH ni miongoni mwa zile zinazodhoofika mapema. Kwa hiyo korodani zako yawezekana ni nzima kabisa, ila hazipati amri. Ungekuwa umekaa mbele yangu ningekuuliza: hamu ilianza kupungua lini, kabla ya mkokoteni au baada ya upasuaji? Wengi nikiwauliza hivyo hunyamaza, wakahesabu kwa vidole, kisha wakakumbuka kwamba mambo yalianza kulegea mwaka mmoja au miwili kabla hawajasikia neno pituitari, wakadhani ni uchovu wa kazi au umri. Ndevu zako ni shahidi mzuri. Jaribu kukumbuka ziliacha kukua lini.

Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini vidonge vya buluu havikukusaidia. Sildenafili, dawa iliyomo ndani yake, huifungua mishipa ya damu ya uume pale mwanamume anapokuwa tayari amesisimka. Haileti hamu. Bila testosteroni ya kutosha msisimko wenyewe hauanzi, na kidonge hakina cha kukiongezea nguvu. Kinabaki kuipanua mishipa ya kichwani, na kichwa kinauma. Nawaonya na wasomaji wengine hapohapo: anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, asiguse vidonge hivyo kabisa, kwa kuwa vikikutana presha huweza kushuka ghafla kiasi cha kuua.

Nirudi kwenye hidrokotisoni, jambo lililonishtua zaidi katika barua yako. Pituitari hiyo hiyo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni ambayo hidrokotisoni yako hushika nafasi yake, na kotisoli ndiyo humwezesha mtu kustahimili homa, jeraha na mshtuko wowote wa mwili. Mtu anaweza kuishi miaka bila testosteroni, akiwa mnyonge na mwenye huzuni, lakini anaishi. Bila kotisoli, malaria ya kawaida tu inaweza kumwangusha: anatapika, presha inashuka, sukari na chumvi ya damu zinapungua, na asipopewa tiba upesi hufariki. Unasema huumwi, na nakuamini, lakini hali ya mtu mwenye upungufu huo hujulikana siku anayougua. Ukipata homa, dozi yako hufikishwa mara mbili au tatu ya ile ya kawaida kwa siku za ugonjwa kama daktari wako atakavyokupangia. Ukitapika hata kidonge kisikae tumboni, unahitaji sindano ya hidrokotisoni ya miligramu 100 na kupelekwa hospitali bila kungoja asubuhi. Andika kwenye kadi ngumu, uiweke pamoja na kitambulisho chako: "Nilifanyiwa upasuaji wa pituitari, natumia hidrokotisoni." Mkeo naye aijue kadi hiyo ilipo, kwa sababu siku itakapohitajika huenda wewe usiweze kusema.

Ukifika kliniki, liseme lile uliloona haya kulisema. Sentensi moja inatosha: "Daktari, tangu upasuaji sina hamu ya tendo la ndoa na ndevu zimepungua." Hayo kwa daktari ni dalili kama kikohozi na homa. Damu ya kupima testosteroni itolewe asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4, kwa kuwa ndipo inapokuwa juu zaidi, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Pamoja nayo zipimwe LH, FSH na prolaktini, homoni ya maziwa ambayo ikizidi huizima hamu. Testosteroni ikiwa chini huku LH nayo ikiwa chini au ya wastani, kasoro iko kwenye amri, yaani kwenye pituitari; LH ikiwa juu sana, kasoro iko kwenye korodani. Kotisoli hupimwa kama saa 2 asubuhi, na daktari atakuelekeza kidonge cha mwisho ukimeze lini ili kisivuruge majibu. Kuhusu tezi ya shingo, yaani thairoidi, sisitiza wapime homoni yenyewe, T4, wasiishie kwenye TSH. TSH, homoni inayoiamuru thairoidi, hutoka pituitari, na pituitari ikiwa mgonjwa majibu yake yanaweza kuonekana ya kawaida huku mwili unapungukiwa. Upungufu wa T4 nao huondoa hamu na kumfanya mtu awe mzito, asiyestahimili baridi.

Ikionekana unapungukiwa na zaidi ya homoni moja, utaratibu wa kuzirudisha una mpangilio wake, na mpangilio huo haubadilishwi kwa sababu ya haraka ya mgonjwa. Kotisoli hutangulia. Homoni ya thairoidi hufuata, kwa sababu ikitangulia huimaliza hata ile kotisoli kidogo iliyobaki na kumtia mtu hatarini. Testosteroni huja baada ya hizo kukaa sawa. Rafiki yako hawezi kuujua mpangilio huo kwa kukutazama misuli.

Bado kuna jambo ambalo yeye wala kliniki hawatalijua usipolisema, nalo ni mtoto wa pili. Watu wengi hudhani kwamba homoni ya kiume ikiongezwa na mbegu nazo zitaongezeka. Ni kinyume chake. Testosteroni inayotoka nje ikiingia kwenye damu, ubongo huona kazi imekwisha fanyika, amri ya LH na FSH inazimwa hata ile kidogo iliyokuwa imesalia, na utengenezaji wa mbegu unasimama. Korodani huhitaji testosteroni nyingi sana ndani yake zenyewe ili mbegu zikue, kiasi ambacho sindano ya takoni haiwezi kukifikisha huko. Nimewaona vijana waliochomwa sindano za mazoezini, vifua vimejaa, na mbegu hamna hata moja. Mwanamume mwenye tatizo la pituitari anayetaka mtoto hupewa tiba nyingine, sindano za hCG, homoni inayofanya kazi badala ya LH, kwa kawaida mara mbili au tatu kwa wiki. Hizo huziamsha korodani zitengeneze testosteroni yao zenyewe, hivyo na hamu nayo hurudi. Ikipita miezi kama sita bila mbegu kuonekana, huongezwa sindano za FSH. Tiba hii ni ghali, si kila duka la dawa linayo, na inadai subira, kwa maana mbegu moja tu huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, na wapo wanaongoja zaidi ya mwaka. Lakini mimba hutokea hata kwa mbegu chache. Kaa na mkeo, hesabuni umri wake pia, kisha mwende kwa daktari wa homoni mkiwa na jibu moja.

Mkiamua kwamba binti mmoja anatosha, testosteroni ya kawaida ni tiba nzuri na salama chini ya uangalizi. Ipo ya sindano za kila wiki mbili hadi nne, ipo ya sindano inayokaa kama miezi mitatu, na ipo ya kupaka, ambayo yataka uangalifu ngozi yako isigusane na ya mkeo au mtoto kabla haijakauka. Hamu huanza kurudi ndani ya wiki tatu hadi sita. Kusimama kwa uume huweza kuchukua miezi. Damu itapimwa mara kwa mara, kwa sababu homoni hii huongeza chembe nyekundu na damu ikawa nzito. Sehemu ya chembe nyekundu katika damu ikivuka asilimia 54 dawa husimamishwa kwanza. Tezi dume nayo hufuatiliwa.

Kuhusu mkeo, nina neno moja tu, na nalisema nikiwa na huruma kwenu wote wawili. Yeye ameona mume aliyerudi kutoka hospitali akiwa mzima, anaona, anaenda kazini, na hamgusi. Angefikiri nini? Nenda naye kliniki. Akiyasikia majibu ya damu kutoka kwa daktari, na akaonyeshwa tarakimu kwenye karatasi, yale aliyomwambia dada yake yatakosa mahali pa kukaa.

Swali

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 29, mume wangu ni mvuvi hapa Pangani, ana miaka 34. Nilikuwa naanika nguo nikaona doa kwenye kifua cha shati lake, kama maziwa yaliyokauka. Nilinyamaza. Baada ya wiki nikaliona tena upande wa pili. Alikuwa tayari ameacha kunikaribia karibu mwaka mzima, na kichwa kinamuuma kila siku. Mama mkwe alisema ni kijicho cha watu wa baharini, tukazunguka kwa waganga. Mwishowe tulipelekwa hospitali, akakutwa na uvimbe wa sentimita 1.8 kwenye tezi ya kichwani na homoni ya prolaktini iko juu mno. Daktari ametupa vidonge vya kabergolini, ameze mara mbili tu kwa wiki, akasema hakuna haja ya kupasua. Ndugu wa mume wamekasirika, wanasema uvimbe hautoki kwa kidonge na kwamba tumedharauliwa kwa kuwa hatuna fedha. Nani mkweli?

Mke wa mvuvi, Pangani

Jibu

Marahaba, binti yangu. Daktari wenu ni mkweli, na hakuwadharau. Amewapa tiba ile ile ambayo angempa mtu mwenye fedha zake.

Uvimbe wa mumeo ni wa ile aina inayotengeneza prolaktini, homoni ambayo kwa mama aliyejifungua ndiyo huleta maziwa. Mwanamume naye anayo, ila kidogo. Ikizidi huizima amri ya ubongo kwa pituitari, LH na FSH zikashuka, testosteroni ikafuata, na hapo hamu ikapotea. Maziwa kwa mwanamume hutokea mara chache, kwa hiyo macho yako kwenye ile kamba ya nguo yamefanya kazi kubwa; wanaume wengi wenye uvimbe huu huchelewa kugundulika kwa sababu huficha udhaifu wao hadi macho yanapoanza kufifia.

Katika uvimbe wa pituitari, huu ndio ambao kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa dawa. Kabergolini huziambia chembe za uvimbe ziache kutengeneza prolaktini, na chembe hizo zikiacha kazi husinyaa. Prolaktini huanza kushuka mapema, maumivu ya kichwa yakapungua, na picha ya MRI ikirudiwa baada ya miezi kadhaa mara nyingi huonyesha uvimbe umepungua. Dawa huendelea kwa miaka miwili au zaidi, kisha daktari huamua kama yaweza kupunguzwa. Mumeo asiiache siku hamu itakaporudi, maana uvimbe unaweza kukua tena. Prolaktini ikishateremka, testosteroni ya wengi hupanda yenyewe bila sindano yoyote, ndiyo maana madaktari hungoja miezi kadhaa kabla ya kumwongezea.

Kidonge akimeze pamoja na chakula cha usiku, kisha alale. Kikimezwa tumbo tupu huleta kichefuchefu, na mtu akiinuka haraka huona kizunguzungu. Kwa mtu anayesimama kwenye ngalawa hilo si dogo, kwa hiyo siku za mwanzo asiende baharini alfajiri inayofuata. Lipo na jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kwa watu wachache dawa hii huondoa breki ya akili: mtu asiyecheza kamari huanza kuweka mikeka kila siku, au kununua vitu ovyo, au hamu ya tendo la ndoa ikazidi mipaka. Ukiliona, lieleze kliniki bila kumlaumu mumeo, kwa kuwa ni dawa inayofanya hivyo, na dozi hurekebishwa.

Upasuaji haukufutwa. Utafikiriwa kama dawa itamshinda, au kama uvimbe hautaitikia. Akipata maumivu makali ya kichwa ya ghafla, kutapika, na macho kufifia kwa saa chache, huenda uvimbe umevuja damu ndani yake. Hapo ni hospitali usiku huo huo, hata kama kivuko kimelala na itabidi mtafute usafiri kwa shida. Vilevile yakitoka puani maji meupe mepesi akiinama, hasa yenye ladha ya chumvi, mpelekeni.

Ndugu wa mume waambieni pia kwamba zipo dawa za kawaida zinazopandisha prolaktini bila uvimbe wowote, kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya magonjwa ya akili. Hizo hazikuwapo kwake, kwa jinsi ulivyoandika, lakini msomaji mwingine anayezitumia na kuona dalili hizi azitaje kwa daktari kabla hajaingiwa na hofu ya uvimbe.

Swali

Daktari, mimi ni mzee wa miaka 63, mstaafu wa shamba la mkonge, naishi Muheza. Nimepangiwa kutolewa uvimbe wa pituitari mwezi ujao, na macho yangu yanazidi kupungua kila wiki. Jirani ameniambia wanaotolewa uvimbe huo hurudi wakiwa si wanaume tena. Mimi na mke wangu bado tunaishi kama mume na mke. Je, niahirishe?

Mstaafu, Muheza

Jibu

Shikamoo, mzee wangu. Usiahirishe. Mishipa ya macho iliyobanwa kwa muda mrefu hufika mahali haiponi hata uvimbe ukitolewa, na kila wiki unayoingoja inahesabika.

Jirani yako ameona jambo la kweli akalieleza nusu. Wapo wanaotoka wakiwa na upungufu wa homoni za kiume, lakini wengi wao waliingia nao, kwa sababu uvimbe ulikuwa umeshawaharibia bila wao kupimwa. Wapo ambao baada ya tezi kupunguziwa mzigo, homoni zao hurudi. Na wapo wachache ambao kisu chenyewe kinaigusa sehemu ya tezi isiyo na ugonjwa, wakapungukiwa kutokea hapo. Ili ujue uko fungu gani, omba testosteroni, LH, prolaktini na kotisoli zipimwe kabla ya upasuaji, na zirudiwe wiki sita hadi kumi na mbili baadaye. Karatasi za majibu ya kwanza zitunze. Ukienda Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambako upasuaji wa ubongo hufanyika, au popote watakapokupeleka, zisafiri nawe. Na hata testosteroni ikishuka, kwa mtu wa umri wako asiyehitaji mtoto, kuirudisha si kazi ngumu, mradi tezi dume na moyo vimechunguzwa.

Fuvu halifunguliwi. Daktari hupita tunduni mwa pua kwa kamera nyembamba hadi kwenye kile kishimo cha mfupa. Njia hiyo si jaribio jipya; Hermann Schloffer aliipita kwa mara ya kwanza mwaka 1907 katika mji wa Innsbruck, Austria, na tangu hapo imeboreshwa mno. Wiki za mwanzo usipenge kamasi, usijikamue chooni, usiinue mzigo, na ukitaka kupiga chafya ifanye mdomo ukiwa wazi. Tendo la ndoa nalo lingoje mpaka daktari aseme kovu limeshika, kwa kawaida wiki nne hadi sita, kwa kuwa kukaza mwili huongeza shinikizo pale palipozibwa. Baada ya hapo halidhuru chochote. Nalitaja kwa sababu nimewakuta wazee waliolala vitanda tofauti na wake zao mwaka mzima kwa kuogopa kitu kupasuka kichwani, na hakuna aliyekuwa amewakataza.

Ukiwa nyumbani, mwombe mkeo awe anaangalia mambo mawili. La kwanza ni mkojo: ukikojoa mwingi mweupe kama maji usiku na mchana, na kiu haiishi, pituitari haitoi homoni ya kuzuia maji, nayo ina dawa yake. La pili hutokea mara nyingi kati ya siku ya nne na ya kumi: kichwa kuuma, kichefuchefu, uzito na kuchanganyikiwa, kwa sababu chumvi ya damu imeshuka. Hilo halitibiwi kwa kunywa maji mengi, maji hulizidisha. Fika hospitali ya Bombo, Tanga, au nyingine yoyote iliyo karibu, uwaambie tarehe uliyopasuliwa, na uombe wapime sodiamu ya damu siku hiyo hiyo.